Nilisema Bia ya Watawa Imeharibika

Jumatatu, saa moja jioni. Mvua imekatika sasa hivi na Kiogoro yote inanuka udongo na moshi wa kuni. Nimekaa na miguu kwenye beseni la maji moto, simu mkononi, na nina jambo la aibu la kuandika. Nikisubiri kesho nitalipamba.

Nina wivu na mdogo wangu.

Nimeliandika, nikalifuta, nimeliandika tena. Kerubo ana miaka thelathini na minne, mimi arobaini na mmoja. Alipoondoka kwenda Ubelgiji kulea wazee wa watu nilimsindikiza nikilia, na naapa machozi yale yalikuwa ya kweli. Lakini imepita miaka saba. Mimi ndiye niliyebaki. Mimi ndiye ninayempeleka baba kliniki ya presha, ninayemkata kucha za miguu, ninayejua ni mboga gani humvuruga tumbo. Kila Jumapili naenda Sironga kumwona, na kila Jumapili Tata, ndivyo tunavyomwita baba kwetu, hunipokea kwa swali moja: "Kerubo amepiga simu?"

Hata "umefikaje" hakuna.

Juma lililopita Kerubo mwenyewe akaja, likizo ya wiki tatu. Jana, tulipomaliza kula mchana, akatoa kwenye sanduku lake chupa mbili zilizofungwa ndani ya sweta. Fupi, nene, za kioo cheusi. Akamwambia Tata kwamba ni bia, lakini si ya baa. Inapikwa na watawa ndani ya abasia iliyo karibu na mji anaokaa. Yeye hufika huko kwa baiskeli siku zake za mapumziko.

Tata alikuwa katekista miaka mingi. Tangu Mama atutoke, miaka mitano sasa, sijamwona akigusa pombe. Nikangoja akatae.

"Watawa wenyewe?" akauliza.

"Wenyewe, Tata. Wanasali, wanapika, wanasali tena."

"Basi huo si ulevi. Hiyo ni kazi ya mikono."

Akacheka. Alicheka mpaka akajishika ubavu. Kicheko kile nimekitafuta miaka mitano, kwa supu, kwa blanketi, kwa kumsomea magazeti kwa sauti. Kerubo alikipata kwa chupa moja, tena kabla hajaifungua.

Alikuwa amebeba na bilauri yake, pana mdomoni, yenye mguu, kama kikombe cha altareni. Ilikuwa moja tu, akampa Tata. Mimi nikamiminiwa kwenye kikombe cha bati kilichobanduka rangi. Mtu mzima, naandika hapa kwamba kikombe kiliniuma.

Niseme kazi yangu, maana bila hiyo kosa langu halieleweki. Mimi ni mwonjaji wa chai katika kiwanda kimoja huku Nyamira. Kila asubuhi vikombe vinapangwa mezani, nafyonza kijiko kimoja kimoja, natema, natamka. Nikisema chai hii imeungua kwenye kikaushio, hakuna anayebisha. Nyumbani pia wanajua. Ulimi wangu ndio jambo pekee ambalo Kerubo hajawahi kunishinda.

Tena mimi ni Msabato, kwa ndoa. Pombe haijapita kooni mwangu tangu nibatizwe mwaka nilioolewa na Osoro. Kerubo analijua hilo. "Onja uteme," akaniambia. "Kama kazini. Nataka kusikia utasema nini."

Tata alikuwa ameshakunywa. Alikuwa amefumba macho.

"Kerubo," akasema polepole, "umeniletea kitu ambacho sijawahi kuletewa na mtoto."

Na mtoto. Kana kwamba mimi ni jirani aliyepita kuomba chumvi.

Nikafyonza kidogo. Nilijua papo hapo kwamba kilichomo mdomoni mwangu ni kizuri kuliko chochote nilichowahi kuonja. Nikatema kwenye majani. Wote wawili walikuwa wananitazama.

"Imeharibika," nikasema.

Tata akashusha bilauri.

"Imeingia hewa njiani. Ina ladha ya karatasi iliyoloana. Tata, usiendelee, itakusumbua tumbo."

Sikupanga. Maneno yalitoka yenyewe, tena kwa sauti yangu ya kazini, ile isiyobishiwa.

"Mbona mimi naiona nzuri?" Tata akauliza.

"Bosibori akisema imeharibika, imeharibika," Kerubo akamjibu. "Huyu hakosei, Tata."

Akaichukua bilauri mikononi mwa baba yake, taratibu, kama ninavyodhani huwachukulia vikombe wale wazee wa kule, akaenda kuimwaga kwenye shina la mgomba. Akarudi akachukua chupa, akamwaga na iliyobaki. "Nimeibeba vibaya," akasema. Basi.

Nilitaka ajitetee. Nilitaka tugombane, aseme mimi najua nini kuhusu bia, nipate sababu ya kumkasirikia.

Nikasema yangu nitaimwaga mwenyewe, nikazunguka nyuma ya jikoni. Nikasimama kati ya kuni na banda la kuku, kikombe cha bati mkononi.

Nilimeza.

Nilimeza yote, funda baada ya funda, nikitafuta kosa. Hata dogo tu, ili uongo wangu uwe na mahali pa kukalia. Sikulipata. Joto lilishuka kifuani taratibu, na mimi nikasimama pale nikiwa nimeshiba hasira, kwamba mdogo wangu anaishi mahali ambapo mtu anaweza kupanda baiskeli tu akaenda kunywa kitu kama hiki.

Niliporudi, Kerubo alikuwa akisema kwamba chupa ya pili imesafiri pamoja na ya kwanza, kwa hiyo nayo atakuja kuimwaga. Nilimwambia pole. Nilimwambia pole! Nikachukua mkoba wangu nikarudi nyumbani.

Leo asubuhi kazini nilionja kikombe cha kwanza na msimamizi wa zamu akawa amesimama pembeni, kalamu tayari juu ya karatasi. Amefanya hivyo kila siku kwa miaka, na leo ndiyo mara ya kwanza kumtazama kweli. Angeandika chochote ambacho ningesema. Hata hakuwa ananitazama usoni. Nikamwona Kerubo amesimama kwenye mgomba, anamwaga.

Nilimaliza vikombe vyote, nikaomba ruhusa, nikapanda bodaboda hadi Sironga. Mvua ilinikuta njiani.

Kerubo alikuwa barazani akimenya ndizi za kupika, Tata kwenye kiti chake. Sikuketi. Nilijua nikiketi nitaanza kuuliza habari za kuku.

"Ile bia haikuwa imeharibika," nikasema. "Nilidanganya."

Tata akapiga fimbo yake sakafuni. "Nilijua! Huyu alitaka kuimwaga ya pili leo asubuhi, nikaificha kwenye sanduku la vitabu vya kanisa. Kazi ya watawa haimwagwi kwa neno la mtu mmoja!"

Kerubo hakucheka. Aliweka kisu chini.

"Kwa nini?"

Kwenye bodaboda nilikuwa nimejitayarishia maelezo mazuri, marefu. Yalipotea yote.

"Kwa sababu alikuchekea," nikasema. "Mimi hanichekei."

Tata akainamisha kichwa, akaitazama ncha ya fimbo yake.

"Unajua niliibeba kwa ajili ya nani?" Kerubo akaniuliza. Sauti yake ilikuwa chini sana. "Si Tata. Tata angefurahi hata ningemletea soda. Nimekaa pale nje ya abasia miaka hii yote na bilauri yangu, nasikia vitu mdomoni, siwezi kuvipa majina. Najiambia, Bosibori angekuwa hapa angeniambia ni nini. Jana nikakupa. Ukaniambia karatasi. Leo nimeamka nikifikiri, kumbe miaka saba nimekuwa nikisifu karatasi."

Nilimwomba msamaha.

"Sijakusamehe," akasema. "Tata, leta chupa."

Ilipoletwa, Kerubo aliimimina kwenye bilauri ikiwa imelala upande, bila haraka, na akaacha bia ya kimo cha kidole kimoja kwenye kitako cha chupa kwa sababu hapo ndipo hamira hukaa. Bilauri akanipa mimi. Hakuwa na uso wa kunipa zawadi. Alinipa kama mtu anavyompa fundi kitu ambacho fundi huyo mwenyewe alikivunja.

Nikaanza na macho, kama kazini. Nikawaambia ukiitazama ni nyeusi, ukiiinua kwenye mwanga ni nyekundu, kama chai iliyochemka sana. Povu lake lina rangi ya uji wa wimbi uliotiwa maziwa. Nikanusa. Zabibu kavu. Karafuu, punje moja, si zaidi. Nikanywa. Sukari nguru, ile ya chini ya sufuria iliyoanza kushika. Ukoko wa mkate. Na mwishoni uchungu kidogo, unaokuja ukaondoka kabla hujalalamika, mdomo ukabaki mkavu na safi, unaomba tena.

"Na kingine," Kerubo akasema. "Kuna kingine, mwanzoni kabisa. Hicho ndicho kinachonisumbua."

"Ndizi," nikasema. "Ndizi mbivu, zile zilizoiva mpaka ganda likawa na madoa."

Akaweka mkono mdomoni. Nikadhani anacheka, kumbe analia.

"Ndizi za wapi, na kule hazimei?" Tata akauliza.

"Hawatii ndizi, Tata," Kerubo akasema, akijifuta. "Nimesoma ni hamira yao ndiyo inaleta harufu hiyo. Nimesoma, lakini sikuwahi kuisikia. Nilikuwa nasikia tu ladha ya nyumbani, nikadhani ni upweke."

Tulikunywa wote watatu kwa bilauri ile moja, tukipokezana. Sikutema hata tone.

Ningependa kumalizia hapo, nionekane nimepona. Lakini nilipoaga, Tata alikuwa amezama kumuuliza Kerubo kuhusu wale watawa: wanaamka saa ngapi, wana ng'ombe, wanaruhusiwa kuongea? Aliniinulia mkono bila kugeuka. Na mimi, niliyetoka kukiri mbele yake kama mtoto, nikashikwa na wivu uleule kabla sijafika barabarani. Haukuwa umepungua hata kidogo. Tofauti ni kwamba sasa naujua kwa jina, kama ladha.

Osoro nimemwambia yote nilipofika. Aliuliza swali moja tu: "Ulitema?"

"Jana mara ya kwanza nilitema. Baada ya hapo, hapana."

Akanitazama, akatoka kwenda kukamua ng'ombe. Hajarudi kulizungumzia, na mimi sijamfuata. Hilo ni la kwetu wawili na litapata siku yake.

Kitu kimoja zaidi. Kabla sijaondoka nilimwalika Kerubo aje kiwandani Alhamisi aone chumba ninachoonjea. Hajawahi kukiona. Akasema, "Nitaona."

Najua atakuja. Na najua wenzangu watamzunguka, watamuuliza Ubelgiji kukoje, kuna baridi ya namna gani, na mimi nitakuwa nimesimama kando na kijiko changu, kwenye chumba changu mwenyewe. Kisha atachukua kikombe, afyonze, ataje ladha, aniangalie na kuuliza kama amepatia.

Na kama atakuwa amepatia, je, nitamwambia?