Nyuzi Saba za Shuka la Mama Yako

Chumba cha nyuma,
Nyumbani ulikokusahau.
Jumapili, tarehe 9 Juni

Mpendwa mume wangu mdogo,

Miaka minne sasa. Hata kwa miguu ungekuwa umeshafika na kurudi mara mbili. Usinitajie kazi, hata kuku wangu wana kazi, na jioni wanarudi.

Haya, u mzima? Kile kifua kimekuacha? Unakula ukashiba, au bado unakunywa chai na kujidanganya kuwa umekula? Sisi wazima. Goti langu la kushoto linanisumbua, la kulia nalo limeanza kuiga. Anayeandika ni mama yako mdogo, maana mimi na kalamu hatukuwahi kujuana. Nimemwambia aandike nisemavyo, asipambe.

Ulisema utakuja mwisho wa mwaka jana, nikaanza kukutengenezea kitanda. Lile shuka jeupe la marehemu mama yako lilikuwa limekwisha katikati, ukilinyanyua unamwona mtu wa upande wa pili. Kingo bado nzima. Shuka la hivyo halitupwi. Unalikata kwa urefu katikati, unazigeuza kingo za nje unaziunganisha, palipochakaa panakwenda pembeni, unapinda, basi, una shuka tena.

Kwenye ukingo mmoja palikuwa na vishono vyekundu, kimoja hapa, kingine kule, havina mpango. Nikasema huu ni uvivu wa binti yangu, maana sindano na yeye walikuwa maadui. Nikavifumua vyote saba visije vikakukwaruza mgongo. Nikashona, nikafua, nikaanika.

Mama yako mdogo alikuwa anafagia, akaziona zile nyuzi. Akaketi palepale sakafuni. Akaniambia, "Mama, umefumua urefu wa mtoto."

Kumbe kila ulipotimiza mwaka mama yako alikulaza kwenye shuka lile, visigino kwenye pindo la chini, akatia mshono mmoja ukingoni pale kichwa kilipofika. Mdogo wake ndiye aliyekushika miguu usipige teke. Mara saba, kisha akaugua, na unajua yaliyofuata.

Tuliishi nyumba moja na sikujua. Nilikuwa nafua mashuka ya nyumba ya wageni tangu asubuhi. Nikirudi, sitaki hata kuliona shuka. Nilimsikia anacheka nanyi chumbani, sikufungua mlango kuuliza mnacheka nini. Nilimwita mvivu mpaka anakwenda, na siku ile ya kufumua nikamwita tena, naye hayupo wa kunijibu.

Nilitaka kuvirudisha. Maji yalikuwa yameshapita, matundu ya sindano yamejifunga. Nyuzi zote saba ninazo kwenye kiboksi cha kiberiti; mahali pake ndipo nisipopajua. Fundi wa jirani akasema tukadirie. Nikamwambia aendelee kukadiria suruali za wateja wake, tunaona zinavyowakaa.

Miezi mitano nimenyamaza kwa aibu. Picha zake unazo mbili tu, na hii iliyokuwa ya tatu nimeifumua kwa mkono wangu, nikiimba. Nisamehe, mjukuu wangu. Ukikasirika, kasirika, lakini njoo ukasirikie hapa.

Mama yako mdogo anakusalimu, ameandika huku anafuta macho, ndiyo maana wino umetapakaa. Mjomba wako dereva anasalimu na kuuliza koti lake. Fundi naye anasalimu, ingawa amenuna. Mungu akufunike pale mkono wangu usipofika.

Ni mimi nikupendaye na kukugombeza kwa kinywa kilekile,

Bibi yako, mkeo wa kwanza

Na siku ukija, usiniletee kitu. Vua viatu, lala chali kwenye hilo shuka, visigino kwenye pindo la chini, utulie. Mama yako mdogo atakushika miguu. Nami nitachukua uzi mmoja wa mama yako, niutie pale kichwa kitakapofika.