Pamba ya Mto

Shoga, hivi umewahi kukaribia kumuua mjukuu wako kwa pamba ya mto?

Yule kinyozi, mume wangu mdogo. Unakijua kile kidude chake chenye moshi wa kunukia ndizi? Aliniambia ni cha kufukizia saluni, nami nikaamini!

Huwa anakifungulia hapa kwenye cherehani yangu, anazungusha waya mpya kwenye sindano yangu mpaka uwe kama springi, anaurudisha ndani, anapitisha pamba katikati. Leo kakiacha wazi, kaenda kuoga. Nikaona pamba imeungua, nyeusi tii. Nikasema ngoja nimsaidie. Nikaichomoa kwa kibano, nikapitisha nyingine taratibu, ikakaa vizuri kabisa. Ya mto, shoga. Ile ya plastiki!

Katoka, kakifunga, kakitia mdomoni. Mdomoni! Kumbe ni sigara ya umeme. Akavuta mara moja tu, harufu ya plastiki ikajaa chumba. Akapiga magoti anakohoa, macho yamemtoka. Wema wangu nusura umponze.

"Bibi, umeweka nini humu?"

"Na wewe unavuta nini? Si ulisema unafukizia saluni?"

Akazidi kukohoa. Nikamsugua mgongo kama nilivyokuwa nikimsugua babu yake alipokuwa na kile kifua kilichomuua. Nadhani naye alikumbuka, maana nilipokiokota kile kidude akanishika mkono. Mimi nikadhani anakitaka.

"Usinirudishie, mke wangu," akasema, sauti imemkwaruza. "Tangu tumzike babu nataka kuacha. Peke yangu siwezi."