Siku Jina Lako Lilipokatwa kwenye Orodha

Bunia, Jumanne. Mvua nyepesi tangu asubuhi.

Baba Neema,

Leo wameita jina lako.

Ni ule msaada wa serikali kwa wakulima ambao mto ulichukua mashamba yao kule Boga. Siku ya kuandikishwa ulisimama mbele ya karani na buti zako zenye tope, ukamweleza habari za maharagwe yetu kana kwamba ni watoto waliopotea. Mimi nilikuwa nyuma yako. Likaandikwa jina moja tu, lako. Kisha tukahamia hapa mtaa wa Saio, ukaugua, ukaniacha, na ile orodha ikaendelea kukuhesabu kati ya walio hai.

Karani alisoma majina chini ya turubai, sisi tumekaa kwenye benchi zilizolowa. Alipofika kwako, mdomo wangu ulijibu kabla sijafikiri.

"Iko!"

Ndivyo nilivyokuwa nikijibu kila Jumamosi kijijini, majina ya salongo yakisomwa na wewe bado uko mtoni unanoa jembe. Asiyefika kwenye kazi hiyo ya kusafisha barabara alilipa faini, nami nilificha kuchelewa kwako kwa miaka mingi. Leo nimefanya hivyo tena.

"Akuye hapa mbele, yeye mwenyewe," karani akasema.

Mama Charlotte, jirani yetu wa kule Boga, alikuwa benchi ya nyuma. Hatukuwa tumeonana tangu mafuriko. Akacheka kwa sauti.

"Ule muzee? Mu salongo alikuwaka anafika wakati siye tunarudisha majembe! Karani, weye pita kwa mwingine, ule atakuya kesho."

Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka kidogo. Nisamehe.

Karani akashusha kalamu kwenye jina linalofuata. Akipita, msaada nao unapita, na msimu wa kupanda umeshafika, sina hata kikombe kimoja cha mbegu. Karatasi ya kifo chako ilikuwa kwenye mfuko wangu, imekunjwa mara nne. Sikuwahi kumwonyesha mtu.

"Ngojea," nikasema. "Alikufa."

Mama Charlotte akaja kunishika mkono.

"Mama Neema, juu ya nini weye haukuniambia?"

Ukweli ni kwamba hapa Saio pia sijamwambia mtu. Mama wa nyumba ya pili anadhani uko Mahagi unatafuta kazi, nami nimemwacha adhani hivyo. Anaponiuliza utarudi lini, ninaona kama bado kuna anayekusubiri pamoja nami.

Karani aliisoma karatasi polepole, akanipa pole, akakata jina lako kwa mstari mmoja ulionyooka. Juu yake akaandika langu. Nikatia sahihi, nikapewa bahasha.

Nilipaswa kufurahi.

Nilirudi kwa miguu nikijiuliza ni wapi pengine jina lako bado limeandikwa. Nimekumbuka kadi ya ubatizo ya Neema. Nitaitafuta.

Mama Charlotte anajua mtu anayekodisha kipande cha shamba nje ya mji. Kesho tutakwenda kukiona, kisha sokoni. Itakuwa mara yangu ya kwanza kuchagua mbegu bila wewe kuziuma kwa meno na kuniambia hizi ndiyo, hizi hapana. Naogopa kukosea.

Huko uliko, unikumbuke.