Picha ya Chupa ya Chai

4 Machi

Dada mpenzi,

Hujambo? Na mama, miguu inaendeleaje? Huku tu wazima, mimi nimezidi hata kipimo. Asubuhi namfunga shemeji yako vifungo vya shati, naye anajifanya hajui kufunga. Cheka tu.

Kampuni ya matangazo imemchukua kwa majaribio. Amepewa bango la barabarani, la chupa za chai. Akiipatia picha ataajiriwa hapahapa na kila jioni atalala nyumbani. Akikosea, anarudi kuzunguka na kamera kwenye harusi za watu, nami nibaki na mto wake. Sasa sikiliza: mwanamke wa kwenye picha ni mimi. Nitakuwa mkubwa kuliko nyumba, mji mzima ujue mke wake ni nani. Usingizi siupati.

Mdogo wako

11 Machi

Mdogo wangu,

Sisi hatujambo. Mama uvimbe umepungua. Anasema ukimaliza vifungo uje umkande. Barua yako nimewasomea mafundi wenzangu, cherehani zote zikasimama kwa kicheko. Mumeo umemjaza kila mstari, chupa umeitaja mara moja. Wapita njia watanunua nini, chupa au wewe?

Dada yako

20 Machi

Dada,

Natumaini mama anaendelea vizuri. Mimi mwili mzima, moyo ndio hautulii.

Bosi wao ana mtindo wake. Picha inasimamishwa ng'ambo ya ua wa ofisi, anaitwa mlinzi, inafunuliwa kwa muda wa gari kupita, kisha inafunikwa. "Umeona nini?"

Mlinzi akasema, "Bibi harusi anamtazama bwana harusi."

"Na chupa?"

"Chupa gani, mzee?"

Wote walicheka isipokuwa mume wangu. Ni kweli, dada. Akiniambia tazama chupa, natazama. Akisema "vizuri", macho yananiponyoka yanamwendea. Naye kwa mazoea ya harusi alijaza pazia, maua, vikombe, pa kuandika maneno pakakosekana.

Bosi anataka mwanamke mwingine. Yupo wa mapokezi, mrefu, ana shingo hiyo, basi tu. Nikikataa, mume wangu anarudi njiani. Nikikubali, atamwambia yule, "Geuka kidogo, hapohapo." Natembea mlangoni hadi dirishani. Nifanyeje?

Mdogo wako

26 Machi

Mdogo wangu,

Pole. Huku salama. Ya kamera siyajui. Mimi gauni likiwa na mambo mengi, nafumua hadi lipumue. Na acha kutembea, utamaliza sakafu ya mwenye nyumba.

Dada yako

21 Aprili

Mdogo wangu,

U mzima kweli? Mbona kimya? Mama ameanza kusema ndoto zake, na unazijua ndoto za mama. Andika hata mstari.

Dada yako

9 Mei

Dada yangu,

Nisamehe, na mama anisamehe. Afya ninayo.

Yule wa mapokezi hakuitwa, tulifumua kama gauni lako. Mume wangu alitoa pazia, akarudi nyuma hadi mlangoni, akatazama. Akatoa maua, akatazama. Mwisho nikabaki mimi na chupa, na bado jicho linakuja kwangu. Nikamwambia, "Nitoe na mimi."

"Nitamtoaje mke wangu?"

Nikasogea mwenyewe, nikanyoosha mkono tu. Kwenye picha kuna chupa, mkono unaomimina, na ukuta mtupu wa kuandikia maneno. Mlinzi alisema, "Chai. Ya moto." Basi, ameajiriwa.

Kila jioni yupo, dada. Anaingia, naacha hata jiko. Ila siku waliyotundika bango nilisimama chini yake nikitamani kumwambia mtu yeyote, nikashindwa nianzeje. Nikarudi nyumbani na uso wangu, hakuna aliyegeuka.

Mdogo wako

2 Juni

Mdogo wangu,

Hatujambo wote. Bango lako limefika na huku, mkabala na kituo cha mafuta. Mama alitaka kwenda hivyohivyo na miguu yake. Alitazama juu muda mrefu, kisha akamwambia muuza magazeti, "Huyo ni mwanangu."

"Mama, hapo kuna mkono tu."

"Ndio huohuo. Huoni kidole kidogo kimejitenga? Tangu mtoto namwambia shika kikombe kama watu, hasikii."

Muuza magazeti akasogea kutazama. Akaja dereva, wakaja wanafunzi, wote wanatafuta kidole, mama anawaonyesha kwa mwavuli. Tulikaa pale hadi miguu ikamgomea.

Chupa hakuna aliyeitazama. Bosi asijue.

Dada yako