Isale Lako Liko Kwenye Kopo

Shemeji Elinami,

Shikamoo huko uliko. Usishangae kuona nimeshika kalamu. Ni kile kisomo cha jioni ulichonilazimisha, ingawa herufi zangu bado zinatembea kama kuku walioonja pombe ya mbege. Ndugu yako, mume wangu, aliniuliza naandika nini na ng'ombe hawajapewa majani. Nikamwambia namwandikia kaka yako. Akachukua panga, akaenda kukata majani mwenyewe. Ungekuwepo hiyo ingekuwa habari ya ukurasa wa kwanza.

Gazeti lako ndiyo hivyo tena, halipo. Kile chumba chako cha mjini yumo fundi cherehani, na mashine yako ya kuchapia imesukumwa ukutani, anawekea juu nguo za watu. Nilisimama pale mlangoni nikitaka kumwambia kitu. Sikupata cha kumwambia. Mimi, Shemeji! Kiboriloni wangefunga soko waje kunitazama.

Huko sokoni bado wananiletea habari wakidhani nitakufikishia. Nani kaolewa wapi, ng'ombe wa nani kavuka mfereji. Nasikiliza, halafu nakusikia wewe: "Umeona au umeambiwa?" Kila nikija na maneno yangu ulikuwa unaniuliza hivyo hivyo, kalamu umeiweka sikioni. Nikisema nimeambiwa, unanirudisha nikaone. Umenichosha miguu wewe.

Na karatasi zilipoadimika uliandika kwa mkono, tukaenda kubandika kwenye ukuta wa soko. Gundi ilikuwa uji wangu. Nikakulalamikia, unga wenyewe wa kupanga foleni, watoto wale nini, habari? Ukacheka mpaka ukakohoa. Kumbe kikohozi kile ndicho kilichokuja kukuchukua.

Sasa nifike kwenye jambo lililonikalisha hapa.

Unakumbuka ulivyoingia Bungeni ile mara ya kwanza. Alama yako kwenye karatasi ya kura ilikuwa jembe, mwenzako nyumba. Huku juu nani atakataa jembe? Akina mama tuliimba jembe kutoka kanisani mpaka kilabuni, na wasiojua kusoma walijua mahali pa kutia alama. Ukaenda, ukawasemea watu habari ya daraja mpaka likajengwa, ukarudi na suti nyeusi ukilia joto la Dar es Salaam. Mara ya pili wakakupa nyumba. Jembe akapewa Anaeli, mtoto wa baba yako mdogo, mliyechunga naye mbuzi. Tulizunguka kuwaeleza watu mpaka sauti zikakauka. Yeye alizunguka vilabuni na maneno matatu tu: "Jembe ni lilelile."

Mama yako, Mungu amrehemu, alirudi kutoka kupiga kura akitembea kama bibi harusi. Akakwambia, "Mwanangu, nimekuwekea jembe lako." Wewe ukamshukuru. Ukamkalisha, ukampa chai. Hukumwambia mpaka anaingia kaburini.

Lakini Anaeli, aliyekushinda kwa jembe hilo, hukumsalimia tena. Kwenye misiba mlikaa huyu huku, huyu kule, na sisi katikati tunagawa ndizi. Akahamia Bomang'ombe. Niliwahi kukwambia mtu huyo anakonda kwa ajili yako, ukaniuliza swali lako. Nikasema nimeambiwa. Ukaendelea kuandika.

Basi siku uliyotutoka, wanaume wameanza kuchimba kaburi kule migombani, nikamwona anapanda njia kwa miguu kutoka Kiboriloni. Amezeeka. Mkononi ana isale, lile tawi la majani mabichi, limefungwa fundo. Mtu akija na isale amekuja kuomba radhi, na tangu mababu hakuna aliyelikataa akabaki na amani. Ila la nani sasa? Mwenyewe umelala ndani, umefunikwa shuka. Alikuwa anakuja kwa mgonjwa, Shemeji. Habari zilimkuta njiani.

Mke wako alimwona kabla hajafika. Mama Aika ana akili, unamjua. Hakukataa. Aligeuka akaingia migombani akatuonyesha mgongo, ili macho yake yasilione. Mpaka leo anasema hakuna isale lililokuja.

Anaeli akasimama. Watu wote wakawa na kazi ya kutazama miguu yao. Akanijia mimi, nina ndoo ya maji mkononi. "Mke wa mdogo wangu," akasema, "nipokelee."

Nikaweka ndoo chini. Nikapokea. Ningefanyaje?

Na ndiyo nimekwama hapo. Ndugu yako anasema halikuwa langu kupokea. Mchungaji anasema tumuombee, basi. Kulitupa siwezi. Kulipanda kaburini kwako siwezi, maana nitakuwa nimekujibia, na wewe hukuwahi kuniruhusu kukujibia hata bei ya ndizi. Nimelitia kwenye kopo la maji pale dirishani jikoni. Anaeli ananiagizia watu: limepokelewa? Nawapa maziwa, nawapa habari za mvua. Siku zote mimi ndiye wa kujua, na hili silijui.

Mama Aika huja kuchukua moto kila asubuhi. Anapita karibu na kopo, uso ameupeleka kwenye mafiga. Hatujawahi kulitaja.

Juma lililopita nilikwenda Rau kumuuguza binti yangu aliyejifungua. Nikasahau kumwagiza mtu. Na jua la siku zile, nilirudi nikiharakisha, nikijua nitakuta limekauka. Nimekuta kopo limejaa maji mpaka mdomoni. Isale limetoa vijizizi vyeupe.

Ndugu yako si yeye, huyo hata mbuzi wake wanakunywa kwa kubahatisha. Sitamuuliza mtu. Na ukiniuliza wewe swali lako, jibu ni kwamba sikuona, na wala sikuambiwa.

Lala, Shemeji. Nakuahidi kitu ambacho hukuwahi kukipata kwangu ukiwa hai: hili Kiboriloni hawatalisikia. Nitaliacha kopo palepale dirishani, na kila asubuhi, nikimwona mke wako anakuja kuchukua moto, nitakuwa na jambo la kufanya nje.

Mimi shemeji yako, wa habari za sokoni.