Mkaratusi Ulioinamia Chumba cha Kogo

Jumatatu, 3 Machi
Nimekamua, nimechuma majani ya chai, nimempa Kogo, mama mkwe wangu, uji. Kisha nikautazama mti tena. Mkaratusi wa sita, wa mwisho kwenye safu ya ua, alioupanda marehemu mume wangu Joel. Umezidi kuinamia chumba cha mama yake. Udongo upande wa nyuma umepasuka, mkono wangu unaingia. Masika yako mlangoni. Naogopa.

Alhamisi, 6 Machi
Fundi wa kukata miti kutoka Londiani amekuja kuuona. Ana kamba na wapandaji wawili. Watakata kutoka juu, kipande kwa kipande, na kuteremsha polepole. Shilingi elfu thelathini. Bonasi ya chai iliyobaki inatosha, lakini basi hakuna mbolea. Mbolea itasubiri. Nimemwambia aje Jumanne.

Jumamosi, 8 Machi
Shemeji Weldon amekuja na hasira zake. Ua ni wa familia, anasema, mimi ni mke tu. "Mama Chebet, mti ni pesa. Nani analipa mtu aangushe pesa?" Ana mtu wake wa pawa, ule msumeno wa injini. Atakata mikaratusi yote sita bila malipo, achukue kuni auzie kiwanda cha chai. Huku kila mtu hufanya hivyo. Rahisi ni ghali, najua, lakini nilichoka kubishana. Nimempigia fundi asije. Jioni nikanunua mbolea.

Jumanne, 11 Machi
Wamefika na lori. Kufikia chakula cha mchana mitano iliyonyooka ilikuwa chini. Nikawapikia ugali na mboga, wakala vizuri. Wakapakia. Ule wa sita hawakuugusa. "Hii imelala, mama. Itakuharibia mabati. Tutarudi na kamba." Walijua tangu asubuhi. Nimewalisha wezi kwa mikono yangu.

Ijumaa, 14 Machi
Mtu wa pawa hashiki simu. Awali ile mitano ilikuwa inakinga upepo wa upande wa mashamba makubwa. Sasa mti uko peke yake, na shina linalia. Nimemwambia Kogo ahamie kitandani kwangu, mimi nilale sebuleni. Amekataa. Ni kitanda cha mwanawe. Mama halali kitandani pa mwanawe, hata kama mwana yuko kaburini. Sikubishana. Hata mimi siwezi kulala kwa kitanda cha mwanangu. Nimemtandikia godoro sebuleni, maana kitanda chake hakipiti mlangoni.

Jumapili, 16 Machi
Godoro limemshinda. Miguu yake haimwinui kutoka chini. Tulipotoka kanisani akarudi chumbani kwake, akafunga mlango. Nimemgombeza, mimi, mama mkwe wangu. Akanijibu kwa upole, "Mungu anajua chumba changu." Ningeazima kitanda kwa jirani, lakini Weldon ameahidi kamba wiki hii. Nimeamua kumwamini. Sijui kwa nini.

Jumatano, 19 Machi
Mvua ya mawe, mchana. Nilikuwa kituo cha majani, gunia bado halijapimwa. Kogo alikuwa amejilaza baada ya chakula.
Majirani walikata mabati kumtoa chini ya mti.

Jumapili, 30 Machi
Jana tulimzika kando ya Joel. Weldon alilia kuliko wote, wanaume wakamshika mikono. Sikumwonea huruma. Walisema ni mapenzi ya Mungu. Mungu hakuwa na lori hapa kwangu. Nikaenda kupakua chakula, maana wageni walikuwa hawajala.

Jumatano, 2 Aprili
Fundi wa Londiani alikuja leo kuutoa mti juu ya nyumba. Mti ambao tayari uko chini ni nusu bei. Alisema hivyo akitazama viatu vyake. Weldon ndiye aliyelipa. Alihesabu noti polepole na hakusema mti ni pesa. Kuni akaniachia zote. Hatukuagana alipotoka, na sikuona ubaya.

Baadaye nimefua blanketi za Kogo, nikazianika kwenye ua. Pale hapakuwahi kupata jua, kwa sababu ya miti. Sasa linafika tangu asubuhi. Zilikauka upesi. Nimezikunja, nikaziweka sebuleni, kwenye kiti alichozoea kukalia.

Ng'ombe analia. Naenda kukamua.