Majibu ya Kumfurahisha Daktari

Wonosari, Indonesia, 6 Februari 2012

Mwanangu Wulan,

Assalamu alaikum. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Taiwan, wewe na babu unayemtunza. Mimi huku sijambo, ila mvua ndiyo imetushika.

Unajua tangu baba yako atutoke usingizi umenikimbia na chakula nakimeza kama makapi. Basi nesi wa kijiji kanikutanisha na Daktari Hapsari, binti mdogo wa hospitali ya mjini, anayefanya majaribio ya dawa mpya ya sonona. Kanieleza taratibu, nikakubali mwenyewe, na naweza kujitoa siku yoyote. Baadhi yetu tunapewa dawa yenyewe, wengine vidonge vya sura ileile visivyo na kitu ndani. Nani kapata kipi, hata yeye hajui! Nikamwambia, "Binti yangu, daktari gani huyo asiyejua anachogawa?" Alicheka mpaka kofia yake ya pikipiki ikaanguka. Anasema wangejua, macho yangeona yanachotaka kuona.

Anakuja nyumbani kuniuliza maswali, nami namkaangia ndizi. Usisahau kula.

Mama yako

Taichung, 27 Februari 2012

Mama yangu kipenzi,

Wa alaikum salaam. Nimefurahi kupata barua yako. Mimi mzima kabisa, kazi inakwenda vizuri, wala usiwe na wasiwasi. Babu huyu jana kanirushia bakuli la uji, lakini bahati nzuri hana shabaha.

Vipi, dawa inakusaidia? Na tempe, ile mikate yako ya soya iliyochachushwa, bado unatengeneza? Juzi nimeiota tempe yako, nikaamka nina njaa.

Mwanao Wulan

Wonosari, 20 Machi 2012

Mwanangu Wulan,

Assalamu alaikum. Hali yangu si mbaya, namshukuru Mungu. Dawa, kusema kweli, sioni tofauti. Naamka nimechoka kuliko nilivyolala. Tempe nimeiacha kwanza, soya iko kwenye gunia.

Ila Daktari Hapsari ana furaha tele! Akiniuliza, "Mama, umelala vipi?" nasema vizuri. "Umelia wiki hii?" Hata chozi. Anaandika, anatabasamu, anakunywa chai yake. Sasa ningefanyaje? Mtoto wa watu kapanda milima yote hii kwa pikipiki, kalowa chapachapa, kaniletea dawa mkononi. Nimwambie usoni kwamba alicholeta hakifai? Sikulelewa hivyo, wala sikukulea hivyo.

Mama yako

Taichung, 9 Aprili 2012

Mama yangu,

Wa alaikum salaam. Mimi mzima, ila barua yako imenikosesha raha. Mama! Unamdanganya daktari kwa adabu!

Najua kwetu mgeni haambiwi neno chungu. Hata mimi hapa, mwajiri akiniuliza kama nimechoka, namjibu hapana huku nacheka. Lakini Daktari Hapsari hakuja kutembea. Kaja kujua kama dawa ile inafanya kazi, na jibu analo yule anayeimeza tu. Kama umepewa dawa yenyewe na haikufai, ukisema umepona itapita, kesho apewe Shangazi Parmi hapo jirani naye akae akisubiri nafuu isiyokuja. Na kama umepewa vidonge vitupu, basi dawa nzuri itaonekana haina tofauti na unga.

Na wewe mwenyewe je? Unazama, huku kila mtu anaamini umeshafika ng'ambo. Baba keshakwenda. Naogopa kukupoteza na wewe. Mwambie ukweli, nakuomba.

Mwanao Wulan

Taichung, 14 Mei 2012

Mama,

Assalamu alaikum. Hujajibu, na simu hupokei. Umenikasirikia? Nimempigia Shangazi Parmi, anasema mlango wako unashinda umefungwa, na tetere wa baba, yule ndege aliyempenda, umemfungulia tundu akaenda zake. Mama, nisamehe kama nilikuwa mkali. Andika hata neno moja tu. Mimi mzima.

Mwanao Wulan

Wonosari, 11 Juni 2012

Mwanangu Wulan,

Assalamu alaikum. Mimi si mzima. Nimeanza hivyo makusudi, uone kwamba nimeweza.

Sikukukasirikia. Nilikuwa nimelala nimegeukia ukuta, barua yako iko chini ya mto. Siku Daktari alipokuja nilijikokota nimkaangie ndizi, mafuta yakaanza kutoa moshi, nami nimesimama tu, nimesahau kilichonipeleka jikoni. Akanikuta hivyo. Akazima jiko, akanikalisha. "Mama, umelala vipi?" Nikasema, "Vizuri." Kisha nikakukumbuka. Nikasema, "Hapana. Silali. Nimekudanganya tangu mwanzo, kwa sababu unakuja na mvua. Na kuna siku natamani nisiamke."

Nilijua atakasirika. Alinishika mikono yote miwili, akasema, "Mama, mvua yote ile nilikuwa nalifuata jibu hili." Halafu akanigombeza kidogo, kwa heshima: ndizi zangu atakula, lakini nisimwandalie na majibu.

Hakuniacha peke yangu siku ile. Shangazi Parmi alihamia kwangu na mto wake, na anakoroma kweli! Nimetolewa kwenye majaribio, napewa matibabu yaliyokwisha kuthibitishwa, na kila wiki naongea na mshauri. Vidonge vyangu vilikuwa vya aina gani sijaambiwa bado. Halafu Daktari akarudia kuwauliza wenzangu. Kumbe akina mama wote wa mlima huu tulikuwa "tumepona"! Sasa maswali yanaulizwa kituo cha afya, na mtu mwingine, bila chai wala ndizi.

Bado ni mgonjwa, lakini jana nimeloweka soya.

Sasa zamu yako. Kila barua unasema u mzima. Adabu hiyo nimekufunza mimi, kwa hiyo naijua. Umelala vipi, Wulan? Umelia wiki hii?

Mama yako anayekupenda

Taichung, 30 Juni 2012

Mama yangu,

Wa alaikum salaam. Vibaya. Na nimelia, tena nalia sasa hivi nikikuandikia. Niulize na mengine, Mama, nitakujibu.

Mwanao Wulan